Uzi wa It's a Wonderful Life: kirungu cha ngazi, daraja, na dola 8,000 zilizoibwa

#1 MlinziWaTaa

Wakuu, habari za jioni.

Kila tarehe 24 Desemba, watoto wakishalala, mimi na mama watoto tunaangalia filamu moja, ile ile, mwaka wa kumi na moja sasa. Ni It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, nyeusi na nyeupe, dakika 130. Nimeamua kuiandikia uzi kwa sababu kila nikiitaja kuna mtu ananijibu, "Aa, ile ya malaika, ya kuliwaza watu." Mimi naiona kuwa moja ya filamu zenye hasira nyingi kuliko zote nilizowahi kuangalia, na naamini hasira hiyo ndiyo imeifanya isizeeke. Nitasimulia mpaka mwisho. Ambaye hajaiona na hataki kuondolewa utamu, aishie hapa, akaiangalie, kisha arudi tuongee.

George Bailey, aliyeigizwa na James Stewart, anakaa Bedford Falls, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la New York. Tangu utotoni anaota jambo moja tu, kuondoka. Anataka aione dunia, asome, ajenge madaraja na majumba marefu. Sanduku la safari analo tayari. Zaidi ya nusu ya filamu inakwenda kutuonyesha jinsi kila safari yake inavyokufa. Usiku ule anapomsindikiza Mary kutoka dansini, baba yake anapatwa na kiharusi. Baba alikuwa anaendesha chama kidogo cha akiba na mikopo ya nyumba, na bodi inamwambia kijana: ukibaki wewe tutakiendeleza, ukiondoka tunakifunga. Kikifungwa, mji mzima unaangukia mikononi mwa Potter, tajiri mwenye benki na vibanda vya kupangisha maskini. George anabaki. Pesa yake ya chuo anampa mdogo wake Harry, kwa makubaliano kwamba Harry akihitimu atarudi kushika usukani na yeye George aende zake.

Miaka 4 inapita. Harry anashuka kwenye treni akiwa na mke, na baba mkwe ameshamwandalia kazi kiwandani kwake.

Naomba mkifika hapo mumwangalie Stewart usoni. Anampokea shemeji yake kwa furaha ya kweli, kisha anabaki nyuma sekunde chache, na unaona kabisa hesabu ikipigwa kichwani mwake. Hakuna aliyemkosea. Harry ni mdogo wake anayempenda, shemeji hana kosa, kazi ni nzuri. Angekuwepo mtu wa kumlaumu, ingekuwa nafuu.

Siku ya harusi yake na Mary, mwaka 1932, wako kwenye teksi kuelekea fungate, wanakuta watu wanakimbilia benki kutoa fedha zao. Wanachama wa chama chake nao wamejazana mlangoni. George anajaribu kuwaeleza kwamba fedha zao hazimo kwenye sanduku la chuma. Zimo kwenye nyumba ya jirani, na za jirani zimo kwenye nyumba ya mwingine. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa SACCOS mwaka ambao watu wameingiwa hofu anaijua hotuba hiyo, na anajua kwamba maelezo peke yake hayatoshi. Kinachotosha ni Mary kunyanyua juu bunda la dola 2,000 za fungate. Wanazigawa. Jioni wakati wa kufunga ofisi ukifika, zimebaki dola 2.

Sasa nyumba. Wanahamia nyumba mbovu iliyokuwa imeachwa, ile ambayo usiku wa dansi waliitupia mawe kuomba matakwa. Chini ya ngazi kuna nguzo, na juu ya nguzo kuna kirungu cha mbao kilicholegea. Kila George akipanda kwa haraka, kirungu kinatoka na kubaki mkononi mwake. Kishikilieni hicho kirungu, nitakirudia.

Vita inakuja. George haendi kwa sababu sikio moja halisikii tangu alipokuwa mtoto, alipojitosa kwenye maji ya barafu kumwokoa Harry. Harry anakuwa rubani shujaa wa taifa. Mkesha wa Krismasi 1945, mjomba Billy anapeleka dola 8,000 za chama benki, anamkuta Potter, anamtambia kwa gazeti lenye picha ya Harry, na bila kujua anaiacha bahasha ndani ya gazeti hilo hilo mikononi mwa Potter. Potter anaiona. Anajua ni ya nani. Ananyamaza.

Na siku hiyo hiyo mkaguzi wa mabenki yuko ofisini kwa George anasubiri vitabu.

Kinachofuata nyumbani ndicho kinachonifanya nikatae neno "kuliwaza". George anaingia, watoto wanapamba mti, binti anarudia rudia wimbo mmoja kwenye piano, mwingine anauliza neno linaandikwaje, binti mdogo, Zuzu, ana homa kitandani. Baba mwema tuliyempenda kwa saa nzima na zaidi anamfokea mwalimu wa Zuzu kwenye simu, anauliza kwa sauti kwa nini wamezaa watoto wote hawa, anapiga teke meza ya pembeni iliyobeba vielelezo vya madaraja aliyoyachora. Amekuwa akivihifadhi miaka yote, pale pale sebuleni. Watoto wanasimama wamekauka. Anaomba radhi, anamwambia binti aendelee kupiga piano, binti anaangua kilio.

Sijaona filamu nyingine ya Krismasi iliyothubutu kuonyesha sebule ya namna hiyo. Wengi wetu tumeshawahi kuwa mmoja wa wale watoto. Wengine tumeshawahi kuwa yule baba. Mimi nimekuwa wote wawili.

Anakwenda darajani. Ana hati ya bima ya maisha ya dola 15,000 mfukoni na Potter ameshamwambia kwamba akifa ana thamani kuliko akiwa hai. Hapo ndipo malaika Clarence anapofika, na hapa watu wengi wanapitiliza jambo kubwa. Clarence hamshiki mkono wala hamhubirii. Anajitupa yeye mtoni na kupiga kelele za kuomba msaada. Anajua mtu wake. George aliyekuja kufa anaruka kumwokoa mzee asiyemjua, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Waandishi wangeweza kuandika maneno kurasa kumi juu ya tabia ya George wasifikie ule mruko mmoja.

Yanayofuata mnayajua: anaonyeshwa mji ambao yeye hakuzaliwa. Harry amezikwa akiwa na miaka tisa. Meli ya wanajeshi ambayo Harry aliilinda imezama na watu wake. Mzee Gower mwenye duka la dawa ametoka jela, kwa sababu siku ile alipochanganya sumu kwenye dawa akiwa amechanganyikiwa na msiba wa mwanawe, hapakuwa na kijana wa kumzuia. Mary hamjui. George anarudi darajani analia akiomba aishi, anarudishiwa maisha yake, anakimbia kwenye theluji akiusalimia mji mzima, anaingia nyumbani, wanamjia watu na kapu la fedha. Mwisho.

Sasa tuhesabu, wakuu. Ni kipi kilichorekebishwa? Potter bado ana dola 8,000. Hakuna anayejua kwamba anazo. George hakwenda popote, na umri umeshakwenda. Sikio halisikii. Hajajenga daraja hata moja. Na kile kirungu, anapopanda ngazi mbio kuwafuata watoto, kinatoka tena mkononi mwake. Anakibusu, anakirudisha mahali pake.

Filamu haikumpa George kitu ambacho hakuwa nacho asubuhi ya siku ile. Ndiyo maana naiamini. Ningependa kusikia wenzangu mnaiona vipi.

#2 KijanaWaMbagala

Nimeweka kambi hapa. Mkuu mimi sijaiona na nimesoma mpaka mwisho, sijaweza kujizuia. Swali: ina maana Potter hakamatwi kabisa? Hata mwishoni kabisa?

#3 MlinziWaTaa

Kabisa, mdogo wangu. Na ujue kwamba enzi zile Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili zilizotaka mwovu asitoke bila adhabu. Mwongozaji, Frank Capra, alimwacha na fedha zake na kiti chake cha magurudumu, hamtaji tena. Nilipokuwa kijana hilo lilinikera sana. Sasa naona ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote. Ni Potter wangapi tunawafahamu waliokamatwa?

Kwa njia, kile kiti hakikuwa cha kuigiza. Lionel Barrymore, aliyemwigiza Potter, alikuwa anaumwa viungo na nyonga ilishaumia, alikuwa ameshaigiza akiwa kwenye kiti kwa miaka kadhaa kabla ya hapo.

#4 BintiMaktaba

Kaka MlinziWaTaa, asante kwa uzi. Naipenda filamu hii, nimeiangalia mara nyingi, ila nina neno langu na naomba lisikilizwe.

Mimi ni mkutubi. Sijaolewa. Katika ule mji ambao George hakuzaliwa, Clarence anaona tabu hata kumwambia George yaliyompata Mary. Tunasubiri msiba. Kisha tunaambiwa: hakuolewa, na sasa hivi anafunga maktaba. Anatoka kwenye giza na miwani, nywele amezibana, anatembea kwa woga, anamwona mwanamume na kupiga mayowe. Yaani mji ukiharibika kabisa, kaka yake George amekufa, mjomba yuko kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na mkasa wa Mary ni kwamba anafanya kazi ninayoifanya mimi kila siku.

Kila nikifika hapo nanyanyuka kwenda kuchemsha chai. Sisemi filamu ni mbaya. Nasema iliandikwa na watu ambao hawakuweza kufikiria mwanamke peke yake na vitabu vyake akiwa mzima.

#5 MlinziWaTaa

Dada BintiMaktaba, umesema haki na sitaitetea sehemu hiyo. Ni dosari, na inaonekana zaidi kwa sababu Mary wa upande wa pili wa filamu ameandikwa kwa heshima kubwa. Hebu angalia: nani aliyetoa pesa za fungate? Mary. Nani aliyeikarabati ile nyumba mbovu kwa mikono yake? Mary. Na lile kapu la fedha la mwisho halikuletwa na malaika. George alipotoka akiwa amewatisha watoto, Mary hakukaa kulia. Alishika simu akamtafuta mjomba Billy, kisha wakazunguka mji mzima kuwaambia watu kwamba George yuko kwenye matatizo. Watu hawakuuliza ni matatizo gani, walitoa. Clarence alimfumbua George macho, lakini aliyemwepusha na jela ni mke wake. Donna Reed, aliyemwigiza Mary, alikuwa na miaka ishirini na kitu tu alipoigiza haya.

Mama watoto wangu ndiye aliyenionyesha hili, mwaka wetu wa tatu au wa nne. Mimi nilikuwa namtazama George peke yake.

#6 BintiMaktaba

Mfikishie mama watoto salamu zangu. Hilo la simu sikuwahi kulipa uzito. Chai yangu bado nitakwenda kuichemsha, lakini nitarudi mapema.

#7 FundiSauti

Mimi nafanya kazi ya kurekodi sauti kwenye filamu na matangazo, kwa hiyo niwape ya ufundini.

Ile theluji yote mnayoiona ilipigwa picha kati ya Aprili na Julai 1946, huko Encino, California, kwenye joto kali. Walijenga mji mzima kwenye eneo la ekari 4 hivi, barabara kuu yenye maduka na majengo 75, wakahamishia hapo miti 20 ya mialoni iliyokomaa. Pale darajani mtazameni Stewart vizuri, anatoka jasho amevaa koti zito.

Zamani theluji ya filamu ilikuwa ni konfleksi zilizopakwa rangi nyeupe. Tatizo la konfleksi ni kelele. Mtu akizikanyaga zinalia krachi krachi, huwezi kurekodi mazungumzo, inabidi mwigizaji arudi studio aseme upya maneno yake juu ya picha. Na yeyote aliyewahi kurudia maneno studio anajua kinachopotea: pumzi. Mtu aliyekimbia, aliyelia, aliyelowa, pumzi yake huwezi kuitengeneza upya wiki mbili baadaye ukiwa umesimama mbele ya maikrofoni. Mafundi wa studio ya RKO wakiongozwa na Russell Shearman wakachanganya povu la kuzimia moto na sabuni na maji, wakalipuliza kwa mashine za upepo. Likawa linaanguka kimya, linaganda kwenye nywele na mabega. Filamu ilikosa Oscar zote kubwa ilizowania, ikiwemo ya filamu bora na ya mwigizaji bora. Lakini mafundi wale walipata tuzo ya ufundi kwa theluji yao.

Kwa hiyo pale Stewart anaporudi darajani na kuomba aishi, sauti inayokatika unayoisikia ilinaswa pale pale. Kwa mimi hiyo ndiyo sababu kubwa kwa nini filamu hii bado inashika. Masikio ya mtu yanajua, hata kama yeye mwenyewe hajui kama yanajua.

#8 KijanaWaMbagala

Mkuu FundiSauti hii ya konfleksi sikuwa naijua kabisa. Asante sana.

#9 MlinziWaTaa

FundiSauti umenigusa, kwa sababu nataka kuongeza kuhusu Stewart. Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza baada ya vita. Alikuwa rubani wa ndege za mabomu, alirushia kutoka Uingereza, misheni 20, akatoka na cheo cha kanali. Aliporudi alikuwa na mashaka iwapo uigizaji ni kazi ya mtu mzima. Capra naye alikuwa jeshini, akitengeneza filamu za kuwaelimisha wanajeshi kwa nini wanapigana. Yaani waliokutana pale Encino ni watu wawili waliokuwa wametoka tu kuona mambo.

Kuna mahali George yuko baa kwa Martini, kabla ya daraja, anainamisha kichwa na kuomba kimya kimya, akianza kwa kukiri kwamba yeye si mtu wa sala. Stewart alisimulia baadaye kwamba machozi yale hayakupangwa, yalimjia. Kamera ilikuwa mbali, Capra akahofia wakirudia watayapoteza, basi akaikuza picha ile maabara mpaka uso ukajaa. Ukiangalia kwa makini utaona picha imekuwa na chengachenga kidogo kuliko zilizotangulia. Na jibu la sala hiyo, papo hapo, ni ngumi. Aliyekaa pembeni yake ni mume wa yule mwalimu aliyefokewa kwenye simu.

Nimewahi kuomba nikajibiwa hivyo. Ndiyo maana nampenda huyu Capra.

#10 MzeeKatani

Vijana, hamjambo. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia uzi huu, amenisomea nikasema nitaandika.

Baba yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha ushirika kijijini kwetu. Jina la chama nitaliacha, waliokuwepo wengine bado wako hai. Msimu mmoja, mimi nikiwa darasa la sita, hesabu ya malipo ya wakulima ilipungua shilingi 4,000. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa fedha nyingi sana. Mpaka leo hatujui zilikwenda wapi. Baba hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa kuhesabu mara tatu.

Usiku ule alirudi nyumbani akatugeukia sisi watoto. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti, kama tulivyofundishwa. Alinipokonya kitabu akakitupa nje kwenye mvua. Hakuwahi kufanya hivyo kabla, wala baada. Kisha akatoka, mama akamfuata kwa mbali na kibatari, hakumwita, alimfuata tu mpaka aliporudi alfajiri.

Kwetu hapakuja watu na kapu. Nasema ukweli kwa sababu MlinziWaTaa ameuliza ni kipi kilichorekebishwa. Baba aliuza ng'ombe wawili na baiskeli, akalipa kwa miaka miwili. Alikuja mtu mmoja tu, jirani ambaye hata hatukuwa na ukaribu naye, akaleta shilingi 200 na debe la mahindi, akaweka mlangoni, akaondoka kabla hajakaribishwa. Baba alimtaja mtu huyo mpaka siku anakufa. Kwenye ugonjwa wake wa mwisho alikuwa anasahau majina yetu, jina la huyo hakulisahau.

Niliiona filamu hii miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nimekaa na wageni sebuleni. Ilipofika pale kwenye meza ya madaraja nilitoka nje. Nilikiona kitabu changu kwenye mvua.

Naiangalia bado. Lile kapu la mwisho linaniuma, lakini naangalia.

#11 MlinziWaTaa

Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma mara mbili, nimemwita mama watoto naye akasoma. Mungu amrehemu mzee wako, na yule jirani.

#12 BintiMaktaba

Shikamoo baba. Asante kwa kutuandikia.

#13 MzeeKatani

Marahaba, wanangu. Endeleeni, nasomewa.

#14 HatiNaHaki

Poleni wakuu, pole mzee. Ilikuwa lazima nisubiri kidogo kabla ya kuandika.

Niweke jambo moja ambalo naona halijaguswa: hii filamu karibu ipotee. Hata hadithi yake yenyewe ilikataliwa. Mtunzi, Philip Van Doren Stern, aliandika hadithi fupi iitwayo The Greatest Gift, hakuna mchapishaji aliyeitaka. Mwaka 1943 akachapisha mwenyewe nakala 200 kama kijitabu, akawatumia ndugu na marafiki badala ya kadi za Krismasi. Nakala moja ikafika RKO, wakanunua haki kwa dola 10,000, na baadaye ikaenda kwa Capra na kampuni yake changa ya Liberty Films.

Ilionyeshwa mara ya kwanza New York tarehe 20 Desemba 1946. Haikurudisha gharama zake. Mwaka 1947 kuna waraka wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, unaoitilia shaka kuwa ina harufu ya ukomunisti, kwa sababu imemfanya mwenye benki kuwa mwovu. Kampuni ya Capra iliuzwa. Filamu ikawekwa kabatini.

Kilichoirudisha ni uzembe wa ofisini. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilikupa hakimiliki miaka 28, kisha unaomba upya. Mwaka 1974 kampuni iliyokuwa inaimiliki haikuomba. Vituo vya televisheni vikagundua kuna filamu ndefu ya Krismasi wanayoweza kuirusha bila kulipa picha yake. Basi wakairusha. Kituo hiki asubuhi, kile mchana, kingine usiku wa manane, Desemba nzima, karibu miaka 20. Watoto waliokua miaka ya sabini na themanini Marekani waliikuta sebuleni kama walivyoikuta meza. Mwaka 1993 wenye haki ya ile hadithi fupi na muziki wakaibana tena, na tangu 1994 kule inarushwa kwa mkataba na mtandao wa televisheni wa NBC.

Kwa hiyo nakubaliana nawe MlinziWaTaa kuhusu hasira, lakini tusisahau hili. Ziko filamu nzuri ngapi ambazo hakuna karani aliyesahau kuzijazia fomu?

#15 MlinziWaTaa

Mkuu HatiNaHaki, nakubali bila ubishi kwamba bila 1974 mimi nisingeijua. Lakini vituo hivyo vilikuwa na filamu nyingi za bure. Nyingi zilirushwa na zikasahaulika. Bure inakufanya uione mara ya kwanza. Mara ya kumi na moja ni jambo jingine.

Naona kila umri unapata mtu wake mle ndani. Nikiwa na miaka ishirini na mitano nilimwona George wa sanduku la safari. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa nikamwona George wa sebuleni. Mwaka jana, sijui kwa nini, nilimtazama mjomba Billy karibu filamu nzima: mzee anayefunga uzi kidoleni asisahau, anayejua kabisa kwamba akili inamwacha na kwamba ofisi nzima inamvumilia. Pale George anapomshika kola na kumtikisa akimwita mjinga, Thomas Mitchell, anayemwigiza Billy, hajitetei. Anakaa na kulia, na yule kindi wake anapanda mkononi kwake.

#16 FundiSauti

Yule kindi! Capra alipenda wanyama kwenye seti. Kunguru naye yupo, ofisini pale pale.

Na kwenye ile siku ya kukimbilia kutoa fedha, kuna mama mmoja wa mwisho mwisho anayeomba dola 17 na senti 50 tu, wakati wengine wanataka ishirini, mia mbili na arobaini na mbili. Stewart hakuwa ameambiwa kwamba ataomba kiasi hicho. Akamrukia akambusu. Capra akaiacha. Kila nikiiona nahisi kama nimefungua dirisha.

#17 KijanaWaMbagala

Wakuu, nimerudi. Nilikuwa nimekuja nyumbani kwa wazee kwa ajili ya sikukuu, nikasubiri wote walale, nikaiangalia kwenye simu na visikizio masikioni. Nimemaliza sasa hivi, saa nane na nusu usiku.

Nilidhani nikishasoma hadithi yote humu haitanigusa. Pale stesheni Harry aliposhuka na mke wake ilibidi nisimamishe kidogo. Mimi ni wa mwisho kwetu. Nimesoma mpaka chuo kikuu. Kaka yangu mkubwa aliishia kidato cha nne na tangu hapo yuko dukani kwa baba, na sijawahi hata siku moja kumuuliza kama duka ndilo alilolitaka. Kila nikirudi ananipokea stendi, ananibebea begi, anacheka.

Kirungu nimekiona. Mara zote.

Leo pia alinipokea yeye stendi. Amelala chumba cha pili, namsikia anakoroma. Kukipambazuka nitakwenda naye kufungua duka.